Diski ya Bashiri

Mwanamvua alimwekea meneja chai ya maziwa kushoto mwa kompyuta, mbali na waya, kama alivyoagizwa. Ulikuwa mwaka 1983, na ofisi ile ya ushirika pale Sumbawanga haikuwa na kompyuta nyingine. Yenyewe haikuwa na kitu tumboni. Haikuamka mpaka itiwe diski, kijibamba cheusi cha mraba, na ikichomolewa ililala tena.

Meneja Fanueli alikuwa na diski yake. Bashiri, kaka yake Mwanamvua na mwendeshaji wa mashine hiyo, alikuwa na ya kwake pia, lakini yeye alikuwa mahabusu. Katika msako wa wahujumu uchumi, magunia ya sukari ya ushirika yalikutwa chini ya kitanda chake. Fanueli ndiye aliyeyaweka. Ofisi nzima ilijua, na ofisi nzima ilikuwa imekunywa chai yenye sukari hiyo.

"Mwambie mama yako asijisumbue na chakula cha mahabusu," alisema meneja. "Kesho kaka yako anahukumiwa, na shahidi ni mimi."

Mwanamvua alinyoosha mkono akaichomoa diski ya meneja. Meneja akanyamaza, kikombe kimefika mdomoni.

"Umemzima," alisema Kristiana, mpiga chapa, bila kuacha kupiga. "Afadhali. Tangu asubuhi anatufokea."

Mwanamvua akatia diski ya kaka yake. Meneja akashusha kikombe.

"Dada," akasema kwa sauti ya Bashiri, "viatu vya huyu mtu vinabana."

"Vumilia. Twende polisi."

Walitembea hadi kituoni, upepo wa baridi ukiwasukuma mgongoni. Koplo Beda alikuwa kaunta akitafuna karanga.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti."

"Mimi ni Bashiri Huseni," alisema aliyevaa suti ya meneja. "Sukari aliiweka Fanueli. Mikono iliyoibeba ndiyo hii." Akaiweka juu ya kaunta.

Beda aliitazama, akaenda kuchungulia mahabusu, akarudi. "Kweli, yule wa ndani amekaa kama gogo. Kwa hiyo Bashiri ni wewe. Lakini mtuhumiwa kujitetea si ushahidi. Mleteni Fanueli aseme mwenyewe."

"Fanueli hawezi kusema hivyo, afande."

"Basi." Beda alipukuta maganda. "Na wewe Bashiri urudi ndani upesi. Nitaonekana nimetorosha mahabusu."

Walirudi ofisini. Bashiri alikaa kwenye kiti cha meneja, akaimalizia ile chai, akasema imepoa.

"Nisalimie mama," alisema.

Mwanamvua akaichomoa diski yake, naye akarudi mwilini mwake, mahabusu. Ile ya meneja hakuirudisha kwenye mashine. Aliikata vipande kwa mkasi, Kristiana akimshikia ncha.

Kesho yake shahidi hakuweza kusema, kwa hiyo mahakama ilisoma maelezo aliyokuwa ameshayatia sahihi. Bashiri alifungwa.

Fanueli aliendelea kuwa meneja. Mshahara wake ulitoka, barua ziligongwa mhuri mbele yake, na wakulima waliokuja na shida zao walimwamkia kwanza. Kila asubuhi Mwanamvua alifuta meza, akafuta mashine, akamfuta meneja mabega. Nzi wakimtua machoni, aliwaacha.