Jani Jembamba

Watu wa Mtaa wa Msimbazi wananijua kwa mambo mawili: vitenge vya jumla na mdomo. Mdomo ndio ulionifikisha hapa, mtu mzima naogopa mmea uliopandwa kwenye ndoo ya rangi.

Kwetu Kilimanjaro, aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, unalipokea, unalifungua, unasamehe. Hakuna mjadala. Ukilikataa umewakataa hata waliolala chini, maana masale ndiyo tunayopanda makaburini. Lakini sharti liwe isale lenyewe, la kihambani, kwenye shamba la nyumbani, jani pana kuliko kiganja. Msituni lipo ndugu yake, jani jembamba, na hilo halimfungi mtu. Mama alitufundisha, mimi na mdogo wangu Jovin. Alitutuma kukata majani makubwa, na tukimletea ya msituni tulichapwa.

Mama alipofariki, Jovin alimzika bila kunisubiri. Basi letu liliharibika Korogwe, nikafika nikakuta udongo umeshasawazishwa. Kwa miaka minne sikupokea simu yake.

Kisha siku moja mchana akasimama mlangoni pa duka langu. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Akafungua gazeti lililolowa, akatoa kijiti chenye majani. Alikileta hivyo ili kisinyauke njiani. Akachuma jani moja, akalifunga fundo mbele yangu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikalitazama. Lilikuwa jembamba.

"Hili la msituni," nikasema. "Umetoka Moshi kuja kunichezea mbele ya wateja wangu?"

"Dada, nimelikata kaburini kwa mama."

"Masale ya makaburi yetu nayajua. Ni mapana. Katafute wajinga wengine."

Alilitia lile jani kwenye mfuko wa shati, akakiacha kijiti juu ya kaunta, akashika njia ya kituo cha Gerezani kupanda basi la mwendokasi. Wiki tatu baadaye moyo wake ukasimama, akafa. Sikwenda kuzika. Nilisema duka halina wa kuliangalia, na wote walijua nadanganya.

Kile kijiti alikichukua Tarsis, fundi cherehani anayeshonea barazani kwangu. Yeye ni mtu wa Mbinga, mambo ya masale hayajui. "Mama Vicky, kitu kibichi hakitupwi," alisema, akakichomeka kwenye ndoo ya rangi yenye udongo, kando ya nguzo.

Kikashika. Mwaka wa kwanza majani yalikuwa yaleyale membamba, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Mwaka wa pili kila jani jipya lilitoka pana kuliko lililotangulia. Nikaumwagia maji ya sabuni ya unga. Mmea ukazidi kunawiri. Nikahamisha kiti changu, nikaupa mgongo.

Wiki iliyopita ukatoa maua, meupe, madogo. Saa kumi na mbili jioni, wakati Kariakoo inanuka chipsi na moshi wa bodaboda, dukani kwangu kukanukia kama uwani kwa mama. Harufu tamu, nzito, ile ya masale yakichanua nyuma ya jiko letu. Nikasikia mtu nyuma ya majora ya vitenge.

"Shikamoo, dada."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Kesho yake jioni ikawa hivyohivyo, na keshokutwa pia.

Leo nimekwenda kwenye ndoo, nikaweka kiganja juu ya jani. Limekipita kiganja pande zote mbili. Nikampigia simu Nice, mjane wa Jovin.

"Wifi, yale masale ya kaburi la mama alipanda nani?"

"Jovin. Ya zamani yaling'olewa wakati wa kujengea kaburi. Akapanda machipukizi."

"Ya kihambani?"

"Ya kihambani, ila machanga. Isale likiwa changa jani lake ni jembamba, wifi. Hukuwahi kuona?"

Sikuwahi. Sisi tulitumwa kukata makubwa tu.

"Na lile jani alilonifungia, liko wapi?"

"Alirudi nalo mfukoni. Alisema tusilifungue, dada ataliulizia. Tulimzika nalo, na fundo lake."

Nikaweka simu chini. Nje Tarsis alikuwa anafunika cherehani. Harufu ikaingia, na nyuma ya majora sauti ikaja, ya upole, ya mtu aliyesafiri.

"Shikamoo, dada."

Kwa mara ya kwanza nikaitikia. "Marahaba, Jovin. Nimelipokea. Nimekusamehe, na wewe nisamehe."

Tarsis akachungulia, akauliza naongea na nani. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, nikasubiri.

"Shikamoo, dada," sauti ikasema tena, vilevile, kama ya mtu ambaye bado hajaitikiwa.