Uji wa Topista

...na usiache kukoroga, ukiacha tu unashika mabonge, na Topista tangu utotoni hamezi uji wenye mabonge, hata leo, mtu mzima aliyejifungua jana, atausukuma kando, kwa hiyo Namukose anakoroga, moshi wa kuni unamwingia machoni, anajifuta kwa mkono wa gauni, na huko nje barazani wanaume wawili wanazungumza, mkwe wake Wamboga kakaa upande huu na Afande Otim upande ule, mbali mbali kama redio inavyoagiza, na wanazungumza Kiswahili kwa kuwa Wamboga ni Mgisu na mwenzake katoka kaskazini... Afande anasema barabara nzima ya Tororo haina hata pikipiki, “mimi naona mbuzi tu, amelala katikati ya lami, anatafuna,” na Wamboga anacheka, kicheko cha mtu ambaye jana asubuhi alikuwa analia kwenye simu... asante, Mungu wangu, asante, na huyu Afande naye atamwambia nini, atatoka na kikombe cha uji amwambie asante, neno lenyewe dogo hivyo, litatosha wapi, kwao Busoga angepiga magoti, lakini kwa mwanajeshi magoti yake hayajawahi kukunjika kwa heshima, yamekunjwa kwa hofu tu, na hilo Afande halijui, miaka mitatu wanapanga nyumba zilizogusana kule Kimaka, ukuta mmoja, anamsikia akikohoa, na hajamsalimia hata siku moja, akiona gwanda limeanikwa kwenye kamba anazunguka nyuma ya choo, mkewe Jovia alidhani jirani anaringa... si kuringa, Jovia, ni sauti, ni ile “simama, toka nje, lala chini,” amri hizo tatu ndizo Kiswahili cha kwanza alichokisikia maishani, usiku ule Buwenge, miaka askari walipotawala, yeye mtoto chini ya kitanda, baba yake Isiko aliyekuwa akitengeneza baiskeli za watu akatolewa na shati moja, akarudi, ndiyo, wengine hawakurudi, yeye alirudi akiwa hasikii sikio la kushoto, na tangu hapo lugha hiyo haikuingia nyumbani mwake, hata mchuuzi wa chumvi akiita kwa Kiswahili mzee alifunga mlango... ukuni huu mbichi, unatoa povu, ausukume ndani kidogo.

“Na kazi je, mama mkwe atarudi lini kazini?” hiyo sauti ya Afande, na Wamboga anajibu shule zimefungwa, wapishi wameambiwa wangoje, hajui wangoje nini... kweli, Namukose hajui, siku ile watoto walipotumwa nyumbani yeye alikuwa tayari ameinjika sufuria la uji wa shule nzima, mwalimu akasema ugonjwa umefika, zima moto, akazima, akasimama anautazama uji wote ule usio na mnywaji, na kumbe huo haukuwa msiba, msiba ulikuja na simu, magari ya abiria yamepigwa marufuku, pikipiki marufuku, halafu Wamboga anapiga kutoka Busiu, mama, Topista ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki, hakuna gari, mkunga anasema apelekwe Mbale, hakuna gari, mama... akaketi kizingitini akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia, na aliyesikia ni Jovia, na Jovia akamwita mumewe, na Afande akaja na viatu bado havijafungwa kamba, akasema, “Mama Topista, mimi napeleka unga Mbale leo. Nimeomba mkubwa wangu, amekubali. Utalia kesho. Leo panda gari.”

Akapanda, na hadi leo haelewi miguu ilitoa wapi ujasiri, akapanda lori la jeshi kwa hiari yake, binti wa Isiko, akakaa mbele na khanga mdomoni badala ya barakoa, wakafika kwenye kizuizi cha askari kabla ya Tororo, kijana mwenye bunduki akanyoosha mkono, “Simama!”, na yeye akarudi chini ya kitanda, vumbi la chini ya kitanda likamjaa puani, akasikia Afande anasema, kwa lugha ile ile, polepole, “Huyu ni mama yangu. Binti yake iko na uchungu, Busiu,” na kijana akainama akachungulia dirishani, uso wa mtoto tu, akasema, “Pita, afande. Mama, Mungu asaidie”... mama yangu, alisema mama yangu, mtu ambaye hajawahi kumpa hata salamu, na Busiu wakambeba Topista, wakamlaza juu ya godoro kati ya magunia, na Mbale daktari mwanamke akasema mngekawia kidogo tu sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine, na msichana akatoka, mweusi tii, analia kama anadai kitu, na leo asubuhi Afande akawarudisha wote watatu, mama, mtoto na bibi, hapa Busiu kwa Wamboga, taratibu, akikwepa kila shimo.

Uji unaanza kuwa mzito. Nje Wamboga anauliza, “Afande, wewe mama yako yupo?” kuku anaparura, kisha, “Hapana. Alikufa akijifungua. Wakati wa vita kwetu. Baba alimweka kwa baiskeli, askari wakakataa, wakasema barabara imefungwa. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nashika taa.” Nashika taa, kamtoto kamesimama kando ya barabara kanamulika baiskeli, kanawasikia wakubwa wakiambiwa simama, kwa hiyo na yeye, na yeye alilisikia, neno lile lile, na akaenda akavaa gwanda lile lile, na jana akafika kwenye kizuizi akampitisha mwanamke wa watu... Namukose anatambua kwamba amesikiliza mazungumzo yote haya ya Kiswahili tangu mwanzo, kila neno, na mgongo wake haujakakamaa, mkono umeendelea tu kuzungusha mwiko, na machozi haya si ya moshi, ayaache yashuke, chumbani kachanga kanaguna, Topista anakabembeleza kwa Kisoga, huko nje Afande anakohoa kile kikohozi anachokijua kupitia ukutani, ataondoka na tumbo tupu akiharakishwa na kazi, hapana, hataondoka, anaongeza sukari, anaonja, unga bado unanuka ubichi, bado kidogo, mwanangu, anasema kimoyomoyo, na hajui anamwambia Topista au yule aliyekaa barazani.