Kapteni wa Ukingoni

Tangu alfajiri ile ya vita vya mwaka 1812 mizinga ilikuwa ikinguruma ng'ambo ya mto Niagara, katika ardhi ya Waingereza, na hadi adhuhuri Obadiah Fenner hakuwa ametia kinywani hata tonge la mkate wa mahindi. Mdogo wake, Lemuel, alikuwa kule kilimani. Alivuka gizani pamoja na jeshi la kudumu la Marekani, wakawatimua Waingereza, wakakitwaa kilima. Sasa Waingereza walikuwa wakirejea kwa wingi, na waliokitwaa walikuwa wachache. Upande wa huku mashua zilifungwa gatini zikiwa tupu. Wanamgambo wa jimbo la New York walikuwapo, mamia kwa mamia, bunduki mikononi, wala hawakutaka kuvuka.

Sheria ilikuwa upande wao: mwanamgambo hulinda ardhi ya jimbo lake, haendi kuiteka ya wengine. Tena katika kikosi cha Obadiah palikuwa na jambo zito kuliko sheria. Mwezi wa Mei walikutana kumchagua kapteni, kama ilivyo desturi yao, na Obadiah, mwenye kinu cha kusagia ngano, akashindana na Asahel Pratt, mtengeneza ngozi. Pratt aliwanywesha watu pombe ya matofaa. Obadiah hakuwa na pombe ya kutosha; alipanda juu ya pipa, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba akichaguliwa hatampeleka mtu yeyote nje ya mpaka. Kura zikamwangukia yeye. Lemuel alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaenda kujiandikisha katika jeshi la kudumu.

"Baki hapo na upanga wako, kaka," alimwambia siku ya kuagana. "Kapteni wa ukingoni."

Jina hilo lilimganda Obadiah kama kupe.

Sasa alisimama mbele ya watu wake, akawaeleza kwamba wale wa kilimani watauawa au watatekwa kabla ya jua kutua iwapo hawatapata msaada. Hakuficha kwamba ndugu yake yumo. Walimsikiliza kwa adabu, macho yakiwa chini. Lakini nyuma yao walikuwa wamelazwa majeruhi waliorudishwa asubuhi, na vilio vya hao viliwashawishi kuliko maneno yake.

"Uliapa, Kapteni," alisema Pratt. "Kiapo hicho ndicho kilichoniangusha mimi. Ukikivunja leo, utakuwa umeniangusha mara mbili."

Wachache wakacheka.

"Niliapa kutowavusha ninyi," alijibu Obadiah. "Sikuapa kwamba mimi sitavuka. Nipeni watu sita wa kupiga makasia. Mkinifikisha, pakieni majeruhi wa kule, mrudi. Hakuna atakayekanyaga ng'ambo ila mimi."

Yakazuka mabishano kama ya mkutano wa kugawana malisho. Mmoja aliuliza mpaka wenyewe uko wapi hasa. Shemasi Whitcomb, mzee aliyezijua hati za serikali kama alivyozijua zaburi, akasema kwamba kwa mujibu wa mkataba na Waingereza mpaka umepita katikati ya maji. Basi, akaamua Pratt, watamfikisha kapteni mpakani, wala si shubiri moja zaidi. Akawa wa kwanza kuingia mashuani, na watano wakamfuata. Obadiah alikubali upesi. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, aliwaza. Wakishafika katikati, hawatakuwa na uso wa kurudi.

Alishika usukani. Wapiga makasia waliketi kama wanavyoketi siku zote, wakikipa kilima mgongo, nao waliona gati lao tu likizidi kuwa mbali. Obadiah peke yake ndiye aliyekitazama kilima. Aliona makoti mekundu ya Waingereza yakitokeza kati ya miti. Aliona watu wakiporomoka mtelemkoni hadi majini, wakipunga kofia kuziita mashua. Mmoja alikuwa mrefu. Kwa umbali ule, kila mrefu alikuwa Lemuel.

Risasi ilirusha maji karibu na omo, mbele ya mashua. Pratt aliinua kasia lake; wengine nao wakainua yao.

"Ni hapa," alisema Pratt, bila kejeli.

"Asahel, ndugu yangu. Bado kidogo tu."

"Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha kwamba neno ni neno, Kapteni. Nami nina watoto saba."

Mkondo ulianza kuichukua mashua. Obadiah alinyakua kasia la mtu wa karibu, akalivuta kwa nguvu zake zote, na mashua ikazunguka palepale, maana kasia moja halipeleki mashua popote. Alivuta tena, ikazunguka tena. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemsaidia. Na katika kuzunguka huko wale sita nao wakakiona kilima, na juu yake kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye mtutu wa bunduki.

Mizinga ilinyamaza.

Obadiah aliufungua upanga wake, akauweka magotini pa Pratt, akamwambia akashike usukani. Yeye akakaa mahali pa Pratt, akachukua kasia, mgongo wake ukielekea nyumbani. Njia nzima ya kurudi kilima kilikuwa mbele ya macho yake, naye hakuwa na pa kuyageuzia.