Mapaja ya Saliha

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Asya alikuwa sebuleni kwake, mjini Ibra, Oman, akikunja nguo kwa mkono mmoja, wa pili umembeba Luay. Mtoto wa miezi mitatu, na halali mpaka apakatwe. Mlaze kitandani, macho kodo! Na Jumapili, wiki ya kazi ikianza, likizo ya uzazi inakwisha. Mwalimu Asya anangojwa skuli. Basi alikunja, akakunjua, akakunja tena, roho haitulii.

Wa kumlea mtoto walipatikana wawili, na sharti achague mmoja. Ghada, msichana wa mji wa Sur anayesoma chuo hapo Ibra, angekaa kama mtoto wa nyumbani: apewe chumba, naye asaidie kulea. Lakini ana masomo, na kila Alhamisi apelekwe kwao. Saliha alikuwa yaya wa Tanga, ameletwa juzi na ofisi ya wafanyakazi. Yeye hana masomo wala Alhamisi.

Ila alikuja bila mapaja.

Miguu anayo, anatembea, anapanda ngazi. Lakini akikaa tu, dera linashuka bapa hadi kwenye zulia, na pale pa kumpakatia mtoto hapana kitu. Luay aliteleza mara ya kwanza tu, bahati kulikuwa na mto.

"Mapaja yako wapi?" Asya aliuliza.

"Nimemwachia mwanangu, mama. Kudura ana miaka minne, hapati usingizi asipoweka kichwa pajani. Niliona nisimwache hivihivi."

"Na ofisini hukusema?"

"Hawakuuliza. Waliuliza kama najua kupika."

Bi Kaltham, bibi yake Asya, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman akiwa msichana, hakuinua hata macho kwenye kikombe chake cha kahawa. "Yaya wetu sie alikuwa nayo," alisema. "Lakini yule akikaa Ng'ambo tu, palepale Unguja, mwendo wa miguu. Jua likichwa anarudi nayo kwake."

Ijumaa Ghada, ambaye wiki hiyo hakwenda kwao, alikuja kujaribiwa. Akakaa, akampakata Luay, mtoto akalala fofofo. Asya alitaka kumbusu. Kisha msichana akauliza kwa adabu, "Khala, na siku za mitihani itakuwaje?" Asya akaona kichwa kinamzunguka. Mumewe Yazeed yuko kazini Nizwa, bibi ni mzee, na Jumapili hiyo inakuja mbio.

Jioni akamfuata Saliha jikoni, anakuna nazi.

"Saliha, yaagize."

"Nini, mama?"

"Mapaja. Kila siku watu wanatoka kwenu, wanaleta dagaa, wanaleta achari. Hakosi mtu wa kuyabeba."

"Na Kudura?"

"Si yuko na bibi yake? Bibi ana mapaja."

"Mama yangu anaumwa magoti. Hapakati."

Asya hakulipenda neno lililokuwa likimjia mdomoni, lakini alilisema. "Basi itabidi nikurudishe ofisini, nimchukue Ghada."

Saliha aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Alijua ofisi haitamrudisha Tanga. Itampeleka nyumba nyingine, na huko pia kuna mtoto. Akajifuta mikono. "Nitapiga simu," alisema.

Mapaja yalifika Jumamosi, yamefungwa kwenye kanga, yameletwa na mama mmoja wa mji wa Bidiya aliyekuwa Tanga kwenye harusi. Uwanja wa ndege walimsumbua kwa ajili ya dagaa tu. Saliha aliingia chumbani, akatoka nayo, akakaa, na dera likajaa. Luay alilala kabla hajawekwa vizuri. Asya alilia machozi ya raha, akampigia Ghada kumwambia wameshapata mtu, ahsante sana. Ghada akasema inshallah kheri.

Kwenye paja la kulia palikuwa na kishimo, ukubwa wa kichwa cha mtoto wa miaka minne. Saliha alimhamishia Luay la kushoto.

Jumapili Asya alirudi kutoka skuli hoi, sauti imemkauka. Sebuleni Saliha amempakata mtoto, anasikiliza ujumbe wa mama yake, sauti ameipunguza: Kudura amelala ameegemea ukuta. Anauliza mapaja yatarudi lini.

Huruma ilimkaba Asya, huruma ya kweli kabisa. "Pole, Saliha," alisema. "Pole sana."

"Ahsante, mama."

Asya akasimama, akakaa, akasimama tena. Mkataba ni miaka miwili, na hilo hakulitaja. Akavua shela, akajilaza kwenye zulia ubavuni mwa yaya, akaweka kichwa kwenye kile kishimo, kidogo tu, aone kilivyo. Kilikuwa na joto. Mkono wa Saliha ukaanza wenyewe kumpapasa nywele kama ulivyozoea, na Asya, ambaye wiki nzima hakutulia hata dakika, akapitiwa na usingizi.

"Usimwamshe," Bi Kaltham alimwambia Saliha, kikombe mkononi. "Kachoka, maskini."

Simu ya Saliha ikalia, jina la mama yake wa Tanga likiwaka. Ilikuwa upande wa pili wa zulia. Kuifikia, sharti Saliha ainuke. Aliitazama. Mapaja yote mawili yalikuwa na watu. Ikalia mpaka ikakatika.