Farasi wa Kaijage

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, Deodatha akifunga saluni yake ya nywele pale senta ya Songambele, na mumewe Kaijage yuko chumba cha nyuma anampaka farasi rangi ya kucha. Farasi mwenyewe alikuwa wa plastiki, hazidi kidole, na mgongoni amebeba askari mwenye upanga. Rangi ilikuwa ile nyekundu iliyoiva wanayoipenda maharusi. Deodatha alikuwa ameitafuta tangu asubuhi.

"Baba Koku, hiyo ni ya wateja."

"Nimechovya tu."

"Umechovya chupa nzima!"

Kaijage alikuwa mtu wa Muleba, muuza mitumba. Alifungua robota la midoli akitegemea wanasesere, akakuta askari wa farasi wangali wameshikana kwenye fremu zao, mikono huku, vichwa kule. Mwingine angewatupa. Yeye aliwakata kwa wembe, akawaunga kwa gundi ya viatu, akatazama kwenye simu jinsi wazee wa Ulaya wanavyopigana vita vya kale mezani kwa dadu, naye akaanza vita vyake. Mkono wa kulia ulipigana na wa kushoto. Wa kulia ukishindwa alinuna mpaka wakati wa kula, mtu mzima na ndevu zake.

Vita vinahitaji uwanja, na Kaijage aliujua mmoja tu: nyika ya ng'ambo ya kijiji cha Kamuli, alikokatiza na pikipiki akipeleka nguo minadani. Akalaza mlango mkuukuu juu ya makreti ya soda, akaitengeneza nyika ile ile. Maganda ya kahawa aliyoyatia rangi ya kijani yakawa majani. Pembeni akafinyanga kichuguu chenye vichwa viwili, kwa sababu cha kweli kina vichwa viwili.

Asubuhi yake askari wote walikuwa wamehama. Walikizunguka kichuguu, farasi wameinamisha shingo. Kaijage akawarudisha kwenye mistari yao. Kesho yake wako pale pale.

"Wanatafuta maji," alisema Deodatha, akiendelea kufagia.

"Farasi wa plastiki anywe maji?"

"Basi waulize mwenyewe."

Baadaye wakaanza kugonga kioo cha dirisha kila jioni, na kelele zile zilimkera Deodatha, kwa hiyo wakawa wanafunguliwa. Jua likizama walitoka kwa mstari. Kukipambazuka walirudi, kwato zimejaa udongo mwekundu, na chumba kizima kinanuka ng'ombe. Siku nyingine ulisikika mluzi kutoka mezani, mluzi wa mchungaji anayeita ndama, mtu aliyechoka kabisa. Deodatha aliufagia ule udongo akautia kwenye beseni. Ulikuwa udongo mzuri, wa kupandia maua.

Aliyeutambua mluzi alikuwa Benitha wa Kamuli, mteja wa Jumamosi. Alikuwa amekaa chini ya mikono ya Deodatha, povu kichwani, akasimama ghafla.

"Dada, nani anamwita Bihogo?"

Bihogo alikuwa ng'ombe wa mumewe, Akankwasa. Mwaka ambao nyika ilipata mwenyewe, watu walikuja na magari, wakaswaga ng'ombe wote, wakazungusha uzio. Akankwasa aliwafuata kwa miguu kwenda kuuliza. Hakurudi. Na kwao mjane hunyolewa siku mumewe anapozikwa kibanjani, chini ya migomba yake. Akankwasa hakuwa na kaburi, kwa hiyo Benitha hakuwa mke wala mjane, na nywele zilikuwa zimemfika mabegani. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: amzike mumewe, anyolewe, apumzike.

Wazee walikwisha kujaribu kumsaidia. Walikata shina la mgomba lenye urefu wa Akankwasa, wakalivika shati lake, wakalizika, wakaimba. Halikukaa sana likachipua. Likazaa mkungu mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuumenya. Baba mkwe wake, mzee Kyomukama, akaenda kuutazama akatikisa kichwa.

"Huyu siye. Mwanangu hakuwa mtu wa kuchipua."

Basi Benitha, povu likimtiririka shingoni, akaingia chumba cha nyuma. Aliitazama nyika ya maganda ya kahawa, akaweka kidole juu ya kichuguu.

"Shemeji, hapa napajua."

Kesho yake Kaijage aliwasha pikipiki, akampeleka nyikani. Mlinzi wa getini alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwaamkia shikamoo, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Kichuguu kipo, mama. Na mtu yupo, hata mimi namsikia akipiga mluzi jioni. Ila kuchimba hairuhusiwi. Hili ni eneo la watu."

Ng'ombe wa Akankwasa walikuwa ndani, na alama nyingine zimechomwa juu ya alama zake. Bihogo akamtambua Benitha. Akaja mpaka kwenye waya, wenzake nyuma yake, wakasimama wanamtazama. Benitha alilia. Alilia kilio kile alichokinyimwa siku zote, na mlinzi akamletea kigoda ili alie ameketi. Walipotoka hapo walipita kwa wakubwa. Wakubwa waliwapa pole, wakasema maneno yale yale ya mlinzi.

Ndipo Deodatha alipolikumbuka beseni. Benitha alipitisha vidole kwenye udongo, akatoa kifungo cha shati. Kilikuwa bado na uzi wa kijani, maana siku alipokishona uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Alijitwika beseni akaenda nalo Kamuli, mzee Kyomukama akachimba kaburi pembeni ya ule mgomba wa uongo, wakamwaga.

Tangu hapo Akankwasa anazikwa kila Jumamosi. Kwanza ulikuwa udongo na kile kifungo, kisha kucha, kisha jino lililomeguka ubavuni ambalo Benitha alilijua vizuri. Farasi wanarudi wameelemewa. Mmoja alivunjika mguu, Kaijage akauunga kwa gundi, akamwambia apumzike, lakini jioni alitoka na wenzake akichechemea. Kaijage ameacha vita. Hana askari wa kuchezea.

Mzee Kyomukama huketi pale kaburini, anatafuna kahawa, na ya mwanawe anaiweka kando kwenye kipande cha jani la mgomba. Mwenye nyika ameongeza uzio, sasa umefika karibu na barabara. Bihogo amezaa tena, ndama ni wa mwenye uzio.

Jumamosi iliyopita Deodatha alimkalisha Benitha kwenye kiti, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake.

"Dada, leo nikunyoe? Siku zimekuwa nyingi. Utachoka."

Benitha alikuwa na beseni mapajani. Alichambua udongo polepole, kama anayechagua mchele.

"Bado," alisema. "Hatujafika magotini. Alikuwa mrefu yule."

Deodatha akaurudisha wembe kwenye karatasi, akampaka mafuta, akaanza kumsuka. Chumba cha nyuma farasi walikuwa wameshaanza kugonga kioo, na Kaijage akaenda kuwafungulia dirisha.