Mwasiti Azuia Jeneza

Redio ya Isihaka ilipotangaza kwamba rais wa Marekani amejiuzulu, baraza la duka lake pale Magomeni liligeuka mahakama. Isihaka akasema imewachukua wenzetu miaka miwili na ushei kumbana mkubwa wao mpaka akaachia kiti. Wengine wakabisha, mkubwa haulizwi. Mwasiti, aliyekuja kununua mchele wa vitumbua, akaguna. Miaka miwili! Yeye hata balozi wa nyumba kumi alikuwa hajamweza.

Balozi mwenyewe, Gaudensi, karani wa bandarini aliyetoka Songea, alikuwa amelitia kufuli bomba la mtaa. Alifungua apendapo, jua likishapanda. Na vitumbua, jamani, ni chakula cha asubuhi. Nani atanunua kitumbua saa nne? Biashara ya Mwasiti ilikuwa inakufa hivi hivi, wanawe wanashindia muhogo mkavu. Alikwenda kulalamika mara chungu nzima, akaambiwa avute subira. Subira yavuta heri, sawa, lakini haijazi ndoo.

Wiki ileile Gaudensi akafiwa na shangazi yake. Sasa, Mwasiti ni Myao na Gaudensi ni Mngoni, watani tangu vita vya mababu. Jeneza lilipotolewa mlangoni, Mwasiti akajitupa chini, akalala njiani kama gogo. Watu wakacheka huku wanalia. Gaudensi akatoa shilingi, kama ilivyo desturi, ili mtani apishe. Mwasiti akaisukuma.

"Sitaki hela, mtani. Nataka kujua nani kakutuma ufunge maji yetu. Shangazi hapiti mpaka useme."

Balozi alivimba, lakini atafanya nini? Mtani hakasirikiwi, tena msibani. Akatia mkono mfukoni, akamtupia ufunguo wa bomba. Mwasiti akaudaka, akaufunga kwenye pindo la kanga, na hakuinuka.

"Nimeuliza nani," alisema.

Gaudensi akachuchumaa karibu yake, macho bado mekundu kwa kilio, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Mwenyekiti wa tawi ndiye aliyeniletea kufuli," akanong'ona. "Naye Mngoni vilevile. Jumapili anamwoza binti yake. Nenda kalale mlangoni."

Mwasiti akainuka, akajikung'uta vumbi, akaungana na wazikaji. Njia nzima alikuwa akimsumbua Isihaka, aliyekuwa miongoni mwao, amwambie: mkuu wa wilaya naye ni kabila gani?