Jezi Safi ya Namba Sitini na Sita

Nimefua jezi za chuo chetu hapa Alabama miaka thelathini na mmoja, na ukinipa soksi niinuse, nitakuambia mwenyewe alikula nini Jumatano. Cheka tu. Mwaka wa sabini na moja, Lucius Tarver hakucheka.

Lucius alikuwa mweusi wetu wa kwanza kujaribiwa kama mrushaji kwenye mpira wa Kimarekani, yule anayeshika mpira na kuamua uende wapi, huku weupe watano wakimkinga kwa mbele. Kukinga! Wiki nzima ya mazoezi, wenzetu waliowekwa upande wa adui walimwangusha kabla hajainua mkono. Kocha Strickland akamwambia, "Kijana, Ijumaa, zoezi la mwisho, ukiangushwa tena, nakupeleka pembeni ukadake. Watu wenu mbio mnaziweza." Maana yake, kichwani hamna kitu.

Jioni akaja kwenye chumba changu cha kufulia, kajishika mbavu.

"Mzee Ezra, kuna mtu ananifungulia adui mlango."

"Nani?"

"Wanne hawanisemeshi hata mezani. Nikishika chumvi, hawaigusi tena. Wa tano ni Dalton, huyo tunakula naye karanga. Basi ni hao wanne."

"Usimhukumu mtu kwa mdomo wake, mwanangu. Kapu lao ninalo."

Nikazimwaga jezi tano sakafuni. Anayekinga hujirusha kifuani kwa adui; jezi hurudi na majani, udongo mwekundu, hata damu. Nne zilikuwa hivyo, ungeweza kupanda viazi juu yake. Ya tano ilikuwa safi kama ya kwendea kanisani. Namba sitini na sita.

Lucius aliikodolea macho. "Dalton?" Akagusa mbavu. "Jana aliniuliza mbavu zinauma upande gani. Nikamwonyesha."

Hakumwambia mtu. Ijumaa mazoezini, mwanzoni kila aliposhika mpira, hakurudi nyuma kurusha. Alimganda Dalton mgongoni akakimbia naye kama anasukuma mkokoteni. Adui wakija, wanamkuta Dalton kwanza. Mara ya tatu Dalton akapiga kelele, pua inavuja:

"Lucius! Pita kwingine, bwana!"

"Nipite wapi? Hapa ndipo penye rafiki."

Mara ya nne adui wote wakamrundikia Dalton, wamezoea sasa. Lucius akarudi hatua mbili, akaurusha juu ya vichwa vyao yadi sitini, ukadakwa. Wengine watakuambia arobaini; hao hawakuwepo.

Kocha alitafuna kijiti chake muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho kwenye mechi unaanza wewe," akatabasamu.

Lucius akaja kwangu mbio, lakini uso haukuwa wa furaha.

"Mzee, nimepata nafasi. Ila mbona kanichekea? Tena kanialika kwake leo, chakula cha jioni."

"Nenda, ule," nikamwambia. "Ila mwache yeye aonje kwanza."